Mume Wangu Alinituma Nimkamate Kabula, AI Ikamkamata Yeye

Admin, nifichie jina, na kampuni usiitaje. Mume wangu akisoma atajijua, na asome.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na mbili, mzaliwa wa Mwimbi, naishi Sumbawanga mjini na mume wangu na binti yetu mmoja. Tulikutana chuoni tukisoma kompyuta, darasa moja, tukaajiriwa na kampuni moja inayonunua mahindi ya wakulima. Yeye ni mkuu wa kitengo, mimi niko chini yake. Kazini namwita bosi, nyumbani Baba Oliva, na sikuwahi kuona tatizo lolote hapo mpaka msimu huu.

Msimu huu mfumo wetu wa mzani ulianza kuganda. Ikifika mchana, magari yamejipanga hadi barabarani, ghafla risiti hazitoki. Wakulima walioamka na mahindi yao alfajiri wanakaa juani wakitutukana, na wana haki. Anayetukanwa zaidi ni Kabula, dada wa pale mzanini, kwa sababu ndiye anayeonekana dirishani. Kabula ni Msukuma, wazazi wake walihamia huku na ng'ombe wao, na mshahara wake ndio unaosomesha wadogo zake.

Kwenye kikao mkurugenzi akauliza kulikoni. Mume wangu akasimama, akasema tatizo si mfumo, ni mtu. "Huyu amezoea kuswaga ng'ombe, anadhani na kompyuta inaswagwa. Anabonyezabonyeza mpaka mfumo unachanganyikiwa." Watu wakacheka. Kabula, ambaye siku za kikao huitwa kuhudumia, alikuwa ndiyo kwanza anatumiminia chai. Akasema kwa sauti ndogo, "Mimi nabonyeza mara moja tu, nasubiri." Mkurugenzi akataka ushahidi uletwe kikao kinachofuata, na ukithibitika Kabula aondoke.

Ushahidi nikatumwa mimi. Tena mume wangu alinituma kwa utani mbele za watu: "Wewe si ndiye wa AI? Iunganishe na logi zetu, ituonyeshe huyu dada anavyotuharibia." Logi, kwa msiojua, ni kumbukumbu ambazo mfumo unajiandikia wenyewe: nani kaingia, kaagiza nini, wapi pamekwama. Zetu zinatunzwa kwenye huduma moja ya mtandaoni, na ni nyingi kiasi kwamba binadamu akitaka kuzisoma zote atazeeka.

Basi Jumamosi iliyopita nikaketi mezani nyumbani, sweta mwilini, maharage jikoni. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikasakinisha kiunganishi cha ile huduma. Nikatengeneza ufunguo wa kusoma tu, yaani nywila ndefu, ili ajenti wa AI, ile programu inayokufanyia kazi ukiiagiza, asiweze kufuta wala kubadili kitu, nikampa. Mara ya kwanza huduma ikakataa, kumbe nilikuwa nimenakili ufunguo nusu. Nikarudia, ikakubali. Nikamwandikia ajenti kwa Kiswahili changu cha kila siku: tafuta kwa nini mfumo wa mzani unaganda mchana.

Sijamaliza hata kuonja chumvi, jibu hilo. Kila mfumo unapoganda, muda mfupi kabla yake kuna ripoti kubwa ya msimu mzima imeagizwa, na inaagizwa tena na tena kabla ya ile ya kwanza kuisha. Akaunti inayoiagiza ni ya mume wangu. Na Kabula? Amebonyeza mara moja, akasubiri.

Sikuamini. AI nayo hudanganya, tena kwa kujiamini. Nikaitaka inionyeshe mistari yenyewe, nikaisoma kwa macho yangu. Ni kweli. Nikakumbuka ile skrini ambayo mume wangu aliifunga ukutani ofisini kwa mkurugenzi, yenye grafu zinazopanda zenyewe kila mzigo unapopimwa. Skrini ile ndiyo iliyompa sifa, na ndiyo inayompeleka Mbeya kuwa mkuu wa kanda. Kumbe ndiyo inayojichotea ripoti kwa akaunti yake bila kupumzika, mzani unaelemewa.

Nikamwonyesha. Akasoma, kisha akasema, "Mama Oliva, hii ifute."

Nikamwambia ufunguo wangu ni wa kusoma tu.

"Basi sema AI imeshindwa. Logi zenyewe zinajifuta mwisho wa mwezi. Nikishapata uhamisho nitaizima hiyo skrini kimyakimya."

"Na Kabula?"

"Atapata kazi nyingine. Kwani wewe ni mke wangu au wakili wake?"

Hakuishia hapo, akamtuma dada yake anipigie simu. "Wifi, kweli unataka kaka akose cheo kwa ajili ya mtu baki? Mke mwema humsitiri mumewe."

Nimemsitiri miaka yote hii, na nitaendelea. Lakini kumsitiri mumeo si kumvua mwenzio shuka ukamfunike yeye, na baridi ya Sumbawanga mnaijua. Kosa la skrini hakulijua, hilo nilimsamehe palepale mezani. Angesema "nilikosea" tungecheka, tungeirekebisha siku hiyohiyo, yakaisha. Sasa analijua na bado anataka Kabula alibebe. Hilo simsamehe, na nakala za logi ninazo, mwisho wa mwezi uje tu.

Kikao ni Jumatatu. Admin, naomba uipandishe kabla. Ndugu zangu, nishaurini, ila msinishauri ninyamaze, hilo lilishapita. Nimwache asimame mwenyewe aseme ukweli, au nimtangulie mimi? Nifanye nini?

Na wewe Baba Oliva, najua huu ukurasa unaupitia kila ukinywa chai. Kabula ulimrukia mbele za watu akiwa na chupa ya chai mkononi, hukumpa hata dakika ya kujiandaa. Mimi nakupa mpaka Jumatatu.