Kadi ya Salamu ya Mzee Daudi

Jumamosi ile siisahau, mwanangu. Niache nikuite hivyo, ingawa mvi sijaota. Kipindi changu cha redio sasa unakishika wewe, na jambo hili nataka ulijue kutoka kwangu.

Disko ilikuwa imerudi kwenye redio za FM kwa kishindo. Ukipita University Avenue, kila gari linadunda. Kituo chetu kidogo cha redio cha mtaa wa Frogtown, huku ughaibuni, kikanipa kipindi cha Jumamosi mchana, nami nikaota makubwa: disko mfululizo, watu wacheze mpaka kule mji wa Savage! Kero yangu ilikuwa kadi za salamu tu. Wazee wetu bado walizileta, zile za "zimfikie fulani na fulani", kama redio za nyumbani. Niliona zinapoza moto. Siku hiyo nikazitupia zote kwenye droo bila kuzisoma.

Kipindi kilipoisha nikatoka natabasamu. Mlangoni nikamkuta Mzee Daudi, Mtanzania aliyekuja huku kusoma zamani akabaki.

"Shikamoo, mzee. Umesikia moto huo?"

"Marahaba. Nimesikia. Na mke wangu kasikia, kule Woodbury anakouguzwa. Leo ni miaka arobaini ya ndoa yetu. Nilileta kadi, nikamwambia atasikia jina lake. Kavaa gauni, kakaa na redio saa nzima. Sasa hivi kanipigia: 'Baba, umenisahau?' Niko njiani kwenda kwake. Nikamwambie nini?"

Nikarudi mbio ndani. Dada Wanjiru, Mkenya mwenye kipindi kinachofuata, alishakalia kiti.

"Dada, nipe dakika moja tu!"

"Dakika zako nazijua, ni kama za fundi cherehani. Haya, ingia!"

Nikaichomoa kadi ya mzee kwenye droo, nikaifungua hewani. Nikasoma jina la mama, nikasoma miaka arobaini. Chini mzee alikuwa ameandika: "Apigiwe disko, ile ya mdundo, tulivyocheza tukiwa wanafunzi."

Disko, mwanangu! Kumbe nilichokuwa nakitafuta nilikifungia mwenyewe kwenye droo. Nikaupiga wimbo.

Kupitia kioo nilimwona mzee, simu sikioni akiongea na mkewe, mabega yanacheza. "Anacheka!" akanipigia kelele. "Anacheka huyu!"

Basi piga disko, tena piga kwa nguvu. Ila kadi zisome kwanza, zote. Muziki watu wataupata popote. Anayengoja jina lake anakungoja wewe tu.

Mungu akujalie sauti inayofika mbali, na siku yako ya kungoja ikifika, usikose mtu wa kukutaja.