Funda la Kwanza la Eufrasia

Mwaka 1997, Kigoma ilipojaa magari meupe ya mashirika ya wakimbizi, Oswald alifungua baa ya Kiingereza karibu na stesheni. Uingereza hakuwahi kufika. Alikuwa na kalenda yenye picha za baa za huko. Kutoka humo alinakili kaunta ya mninga, zulia jekundu ambalo kwa joto la ziwani lilinuka kama mbwa aliyelowa, na meko ya kuotea moto ambayo hakuna aliyethubutu kuiwasha.

Kaunta alimpa Eufrasia Nizigama, aliyekimbia Burundi mwaka 1972 na kuuza pombe ya ndizi katika mtaa wa Gungu kwa miaka ishirini. Sharti lilikuwa moja: Jumamosi ni siku ya majaribio. Mteja akimlalamikia, hana kazi.

Jumamosi hiyo, saa sita mchana, aliingia mteja wa kwanza, Colin, Mwingereza mchimba visima vya kambini, ambaye Kiswahili alikijua. Aliagiza bia, glasi kubwa. Eufrasia aliijaza mpaka ukingoni, akapiga funda moja, akapangusa mdomo, akamkabidhi kwa mikono miwili.

Kwao mwenye pombe huonja kwanza mbele ya mgeni. Asiyeonja hushukiwa sumu.

"Mama, umekunywa bia yangu."

"Ndiyo, baba. Karibu, ni nzima."

"Lakini haijajaa."

Alikuwa na haki. Eufrasia aliongeza bia; na kwa kuwa iliyoongezwa ilikuwa bado haijaonjwa, akaionja.

Glasi iliporudi mara ya nne, kilemba cha Eufrasia kilikuwa kimehamia sikioni. Oswald akatoka stoo.

"We mama! Unamnywea mteja?"

"Wewe mwenye baa hujaonja, bosi. Ndiyo maana anaogopa."

"Siogopi," alisema Colin.

"Umeirudisha mara nne, baba."

Mlangoni alisimama Ndizeye, fundi baiskeli wa jirani. "Oswald, onja basi! Au unajua ulichotia?"

Nyuma yake wapita njia watano walinyoosha shingo. Oswald aliinyakua glasi, akaishusha ikiwa nusu.

"Nzima!" alifoka. Kisha akamgeukia Colin, sauti imelainika. "Samahani, bwana. Una malalamiko juu ya huyu mama?"

Eufrasia alishika kaunta kwa mikono yote miwili.

Colin aliitazama glasi. "Yeye ni funda tu. Wewe umemaliza nusu."

Ndizeye alicheka mpaka akakaa kwenye zulia.

Jumatatu Eufrasia alikuwa kaunta, mwajiriwa kamili. Kwa ombi la mteja, sasa anaonja kwa kijiko cha chai.