Handaki la Muiruri

Mume wangu Muiruri alikuwa akichimba choo hapa Bahati udongo ulipoporomoka, akakuta handaki. Shamba letu zamani lilikuwa kambi ya maafisa wa Italia waliotekwa na Waingereza katika Vita vya Pili vya Dunia. Walichimba ili watoroke, wakashikwa kabla ya kuvuka seng'enge.

Nikamwambia alifukie, ng'ombe asije akavunjika mguu. Akaendelea kulichimba pale walipoachia. Niligombana naye miezi mingi, na choo hatuna.

"Kazi ya mtu haiachwi nusu," alinijibu.

Juzi alikuja mjukuu wa mmoja wa wale maafisa. Aliingia handakini kwetu, akatokea katikati ya viazi vya jirani, vumbi hadi kwenye kope.

Muiruri akamshika mkono. "Nenda kwa kaburi la babu yako, umwambie tumetoka."