Mgeni Aliyekula Pilau na Kondoo Aliyebaki Mlimani

Nakumbuka siku moja, Nafula mwanangu, mke wangu alimpikia pilau mtu aliyetaka kutupeleka kuwinda kondoo pori, na pilau ile nusura imponze baba yako. Nimeikumbuka tangu uliponipigia juzi kutoka Houston ukasema, "Anko, nimepata mtu wa ku-guide hunt yangu. He's so nice, na amesema nisijali kitu." Ulikuwa na furaha, nami nikajifanya nimefurahi. Lakini hilo neno la kutojali kitu limeninyima raha, ndiyo maana nakuandikia. Najua unasoma mambo yangu ukiwa kwenye foleni ya kahawa. Hili lisome ukiwa umekaa.

Sikukatazi kwenda. Nitakukataza kwa uso gani, wakati baba yako Wafula na mimi tulikuwa na wazimu huohuo kabla hujazaliwa? Mimi nilikuwa kijana wa ofisini pale Richardson, kando ya Dallas, nakaa mbele ya kompyuta mpaka mgongo unalia. Baba yako alikuwa nesi, akiishi DeSoto na bibi yako. Mama yako alikuwa bado mchumba. Mtu mmoja kazini kwangu alituonyesha picha ya wale kondoo wa milima ya magharibi ya Texas, wenye pembe zilizopinda kwenda nyuma na ndevu zinazoning'inia kifuani mpaka magotini. Akatuambia asili yao ni Afrika ya Kaskazini, waliletwa huku wakazoea na kuzaana. Baba yako akasema hao ni watu wetu, lazima tukawasalimie.

Tatizo lilikuwa nani wa kutupeleka. Kule milimani ardhi ni ya watu, huwezi kuingia tu na bunduki begani. Inabidi upate mwenye kampuni ya uwindaji, aliye na ruhusa ya mwenye shamba, magari, kambi na waongozaji wanaojua njia za mlima. Wapo wengi na wote wana picha nzuri. Basi tukaunda kamati, maana sisi bila kamati hata birthday ya mtoto haifanyiki. Mimi nikawa mwenyekiti, baba yako katibu. Wajumbe hatukuwa nao.

Wa kwanza nitamwita Bwana Mcheshi. Alikuwa anapita Dallas kwa shughuli zake, akasema angependa kutuona ana kwa ana. Sasa mtu akisema anakuja kukuona, utampokea kwa maji matupu? Mke wangu akapika pilau ya mbuzi, kachumbari, ndizi mbivu na juisi ya ukwaju. Yule bwana alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alikula kwa mkono, akaomba aongezewe, akamsifia mpishi mpaka mke wangu akaenda jikoni kucheka peke yake. Alisema aliwahi kufika Serengeti. Tukimgusia jambo lolote, jibu lake lilikuwa hakuna shida. Mlima mkali? Hakuna shida. Mimi Mwislamu, nataka kumchinja mnyama mwenyewe kama nitamkuta hai? Hakuna shida. Kila mtu wake anarudi na pembe, akasema, kila mtu, hajawahi kumrudisha mtu mikono mitupu.

Nilikuwa nimepanga kumuuliza mambo mengi. Nilitaka kujua kama shamba lile lina uzio, kwa sababu nilishasikia kwamba kuna mahali wanyama hufungiwa ndani ya seng'enge ndefu, kisha unaambiwa unawinda. Nilitaka kujua nani hasa atakayepanda nasi. Lakini mtu amekaa kwenye mkeka wako, vidole vina mafuta ya pilau yako, utamgeuzia maswali kama askari wa zamu? Niliona haya. Baba yako naye akaona haya. Tukamsindikiza mpaka kwenye gari, tukampungia mkono kama mjomba anayerudi kijijini.

"Huyo ni mtu wetu," baba yako akasema. "Si umeona vile amekula?"

Wa pili nitamwita Bwana Maswali. Huyu tulimpata kwa simu tu, tukaweka spika tumsikie wote wawili. Hakutuuliza habari za nyumbani wala hali ya hewa. Aliuliza umri wetu. Akauliza tunatembea kwa miguu kiasi gani kwa wiki, na kama tumewahi kupanda mlima wenye mawe yanayoteleza. Akauliza tunapiga shabaha umbali gani, si umbali tunaotamani, umbali tunaopiga kweli. Akauliza magoti, mgongo, kifua, moyo. Akauliza kama kuna anayetumia dawa yoyote.

Baba yako alijibu haraka, "Hakuna."

Nilimtazama. Baba yako ana kisukari tangu ujana, wewe unajua, umekua ukiona sindano zake kwenye friji. Alinifanyia ishara ninyamaze, nikanyamaza. Nikamuuliza yule bwana kuhusu kuchinja. Akasema hajui taratibu zetu, nimfundishe, lakini hawezi kuahidi, kwa sababu kondoo akipigwa anaweza kuangukia korongo ambalo binadamu hafiki kwa wakati. Nikamuuliza kama tutapata kondoo. Akasema labda. Akatupa namba za watu waliowahi kwenda naye, na wengine kati yao, alisema wazi, walirudi bila kitu.

Tulipokata simu baba yako alikuwa amevimba. "Huyu jamaa anatudharau," akasema. "Ananiuliza kama vile nime-apply kazi ya jeshi. Wazungu wenzake hawaulizi hivyo."

Kamati ikapitisha kwa kauli moja: Bwana Mcheshi.

Jumapili baada ya kanisa lao nilikwenda DeSoto kula chakula cha mchana, tumpe bibi yako taarifa. Nilimwamkia shikamoo kama kawaida yangu, naye akaitikia marahaba huku akicheka, maana kwao Bungoma hawana hayo, alijifunza kwangu. Unamjua bibi yako alivyokuwa. Alifanya kazi ya unesi miaka mingi kabla ya kustaafu, na hakuna kitu ulichoweza kumficha ukiwa umekaa mbele yake na sahani ya ugali. Tulimsimulia yote, tukaigiza sauti ya Bwana Maswali, tukacheka wenyewe. Yeye hakucheka. Alinawa mikono polepole, akaifuta.

"Huyo wa pili," akasema, "alikuuliza kama una dawa unatumia?"

"Aliuliza, Mama."

"Ukasema?"

Baba yako akaanza kuchokonoa mboga.

"Wafula, nimekuuliza."

"Nilisema hakuna. Mama, angenikataa."

Mwanangu, nimeshakaripiwa na wakubwa wengi, lakini sijawahi kuogopa kama siku ile, na wala sikuwa mimi ninayekaripiwa. Bibi yako hakupaza sauti. Alisema hivi: "Wewe kila siku unapokea wagonjwa. Mgonjwa akifika, kitu ya kwanza unamuuliza nini? Unamuuliza anatumia dawa gani, ana allergy gani, nani apigiwe simu. Unamdharau? Sasa mtu amekuuliza vile wewe huuliza, ukamdanganya. Na mwingine amekula chakula ya watu, hajauliza hata kama uko na moyo, huyo ndiye unampatia maisha yako apeleke mlimani."

Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe mwenyekiti. Mmempikia mgeni, sasa mnaona aibu kumuuliza. Mngemuuliza kwanza, halafu mpike."

Baba yako akasema kwa sauti ndogo kwamba amechoka kuwa mtu wa sindano, kwamba alitaka mahali pamoja tu duniani ambapo hakuna anayejua. Hapo bibi yako akalainika. Alimshika shingo kama mtoto. Lakini simu aliivuta karibu, akamwekea mbele, akasema piga.

Alipiga palepale mezani. Akamwambia Bwana Maswali ukweli. Sisi tulitegemea atukanwe au akataliwe. Yule bwana akasema asante kwa kuniambia, halafu akaanza maswali mengine: sukari ikishuka unakuwaje, unaanza kutetemeka au unaanza kuwa mkali, dawa zinahitaji ubaridi, unakula kila baada ya muda gani. Mwishoni akaweka masharti. Mwongozaji atabeba juisi na chakula cha akiba kwenye begi lake mwenyewe. Kila mapumziko baba yako atapima sukari, apende asipende. Na mwongozaji akisema tunashuka, tunashuka, hata kama kondoo amesimama mbele yetu anatutazama. Baba yako akakubali yote. Bibi yako akaendelea kula.

Bwana Mcheshi tulimshukuru kwa heshima. Baadaye nilikutana na jamaa mmoja wa Houston aliyekwenda naye. Alisema walipelekwa kwenye uwanja wenye uzio, gari la kuwaletea kondoo chakula likapiga honi, nao wakaja mbio. Pembe alizipata, ndiyo, lakini alisimulia huku akitazama chini. Na mwongozaji wao aliwaacha kivulini akaenda mjini, hawakujua atarudi lini.

Sisi tulikwenda na Bwana Maswali. Sitakuchosha kwa habari za safari. Ile milima ni mikavu, mawe yake yanavunjikavunjika chini ya kiatu, na miiba yake haina adabu. Mwongozaji wetu alikuwa mtu mkimya, mwenye kofia iliyofifia rangi. Siku ya pili tuliona kundi, na ndani yake dume moja kubwa, ndevu zinapeperushwa na upepo. Tukaanza kumzunguka kwa nyuma ya ukingo. Baba yako alisahau chakula. Ulikuwa mwendo wa kutambaa na kusimama bila mapumziko, naye alikuwa mbele yangu, bunduki mikononi, na moyo wangu unagonga kwa furaha. Tulipofika juu dume lilikuwa limesimama limetugeuzia ubavu, karibu kabisa. Mtu asingeweza kulikosa.

Mwongozaji hakulitazama dume. Alimtazama baba yako. Akamwuliza jina la mama yake. Baba yako akamtazama kama mtu anayesikia redio ya mbali, jasho linamtiririka kwenye upepo wa baridi, akajibu kitu kisichoeleweka. Mwongozaji akamwondolea bunduki mkononi taratibu, akamkalisha chini, akatoa juisi. Baba yako akakataa, akawa mkali, akatusi kwa Kibukusu, lugha ya kwao. Mwongozaji alikuwa ameambiwa kwamba hivyo ndivyo inavyokuwa, kwa hiyo hakukasirika wala kushangaa. Alimnywesha kidogo kidogo, mimi nikiwa nimemshika mgongo. Nilikuwa nalia, mwanangu, sioni aibu kukuambia. Hapakuwa na mtandao, hapakuwa na barabara, hospitali ilikuwa mbali sana. Nilifikiri, ningekuwa na yule mwingine hapa, ningefanya nini? Nisingejua hata pa kuanzia.

Taratibu macho ya baba yako yakarudi. Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili safi, "Kwani unalia nini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Dume lilitusikia likaondoka na kundi lake, mawe yakiporomoka nyuma yao. Mwongozaji akasema tunashuka, na hakuna aliyebisha.

Tulirudi DeSoto bila unyoya wala pembe. Bibi yako alifungua mlango akamtazama mwanawe kuanzia kichwani mpaka viatuni, akamgusa paji la uso.

"Kondoo yuko wapi?"

"Amebaki mlimani, Mama."

"Na abaki," akasema. Akamkumbatia pale mlangoni, na mimi nikasimama nje na mabegi mpaka alipokuwa tayari kumwachia.

Sasa wewe. Huyo mtu wako mzuri, kabla hujampa mkono, muulize. Muulize kama kuna uzio. Muulize nani hasa atakayepanda nawe, jina lake, na amepanda mlima huo mara ngapi. Muulize nini kimo kwenye bei na nini hakimo, na hali ya hewa ikichafuka inakuwaje. Omba namba za watu waliorudi bila kitu, uwapigie wao kwanza. Muulize ukivunjika mguu juu kule utashukaje. Kisha msikilize yeye anakuuliza nini. Kama hakuulizi chochote, mshukuru kwa heshima uondoke, hata kama anacheka vizuri. Na yule atakayekuuliza mpaka ukakereka, usimfiche kitu, hata kile unachokificha kwa marafiki zako. Ukimaliza hayo yote, mlete Richardson, tutampikia.

Siku ile mlimani, mwanangu, mimi sikulia kwa sababu ya baba yako peke yake. Nililia pia kwa ajili ya mama yako, aliyekuwa akingoja harusi. Wewe hukuwa hata wazo, na bado ulikuwa umekaa pale kwenye mawe pamoja nasi, unasubiri kuona kama juisi itamshuka kooni. Ilishuka. Baba yako alioa, ukazaliwa, na leo unanipigia simu unaniambia habari za kondoo.

Nenda, Nafula. Mungu akupe mtu wa kukupeleka anayekuogopea kuliko anavyotaka sifa. Akupe miguu imara na macho ya kuona, na akupe moyo wa kuwasha gari ukarudi nyumbani bila kitu ukiwa na furaha. Akurudishe mzima. Pembe ni juu yake Mungu. Sisi tunakutaka wewe.