Viazi Vilivyooshwa

Mniwie radhi kwa mwandiko wangu na herufi nitakazokosea; niliishia shule ya msingi.

Mama hukaanga viazi karai mlangoni petu, Mji wa Kale, na hiyo ndiyo riziki yetu. Kabla ya Ramadhani alinunua magunia ya kutosha mwezi mzima. Hapendi udongo ndani ya nyumba, basi akaviosha viazi vyote, tukavirundika chumba cha chini, ambacho kuta zake hazikauki. Baada ya siku chache harufu ikapanda ngazi. Nilipotia mkono, vidole vilizama. Viazi vimekuwa uji.

Jirani yetu, mtu wa bara, alichungulia akasema, "Mama, umeviogesha kama maiti."

"Usiniombee njaa," mama akamjibu.

Jirani akatwambia tuchague vizima, tuvitandaze kivulini penye upepo, tusivirundike tena. Tumefanya hivyo. Hata hivyo kila asubuhi vingine vinatoka maji. Ramadhani haijafika nusu.

Anayejua namna ya kuviokoa vilivyobaki, tafadhali aniandikie. Nasoma polepole, lakini nitasoma.