Leo nimemfelisha mwenyekiti wangu

Leo nimemfelisha mwenyekiti wetu, na makamu wake ni mimi.

Chama chetu cha wanaofundisha ultrasaundi ya dharura kilikutana hapa Kilakala. Kwa sheria yetu, kila kiongozi anarudia mtihani wa vitendo kila mwaka. Akishindwa, makamu anakaa kwenye kiti mpaka arudie.

Sheria hiyo aliiandika mwenyekiti mwenyewe, na leo ilikuwa zamu yake.

Tukachagua msimamizi wa mtihani kwa kuokota vikaratasi. Likatoka jina langu. (Nilijaribu kukwepa, wakagoma.)

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwamkia, maana kazi hii alinifundisha yeye.

Akapaka jeli kwenye tumbo la nesi wa Dumila aliyejitolea kupimwa. Akapitisha kifaa kulia, kushoto, kisha kwenye moyo, akitafuta damu iliyovuja ndani.

"Hakuna damu. Nimemaliza."

Hakuwa ameangalia chini, karibu na kibofu. Damu ya ndani hupenda kutuama huko. Yeye ndiye aliyenikaririsha hilo.



"Umemaliza kweli, Mwalimu?" Naruhusiwa kuuliza mara moja tu.

"Nimeshasema."

Nikaandika: Hajafaulu.

Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Huyu anakitaka kiti."

Semeni ukweli, nyie mngeandika nini?

Akavaa miwani, akaisoma karatasi taratibu. Nikajua nimekwisha.

Akakifuta kifaa, akanikabidhi.

"Na wewe ni kiongozi. Anza."

Nilianza na kibofu.