Mwenyekiti wa Benchi la Mbele

Karani wa mahakama amemzoea: mwenyekiti wa chama cha wachomeleaji vyuma, ambaye wanachama wake wamemshtaki kwa kung'ang'ania kiti. Hufika wa kwanza, akafuta benchi la mbele kwa leso, akaketi katikati kama mwenye shughuli. Vidole vyake vimejaa makovu ya cheche. Kabla ya kusema lolote hugonga benchi, ngo, ngo. Jaji amemkanya, lakini ni kumpigia mbuzi gitaa. "Mzee wangu, katiba yenu inaruhusu vipindi viwili tu," jaji humwambia. "Ndiyo, mheshimiwa. Cha pili hakijaisha. Mkutano wa kukimaliza sijauitisha." Husema kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia.

Leo hukumu imesomwa: si mwenyekiti tena, na uchaguzi ufanyike bila yeye. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa kama aliyeletewa taarifa ya kamati ndogo. Kisha akagonga benchi, ngo, ngo. "Tumeipokea. Kikao kimefungwa." Wanachama waliomshtaki wakainuka, mawakili wakakunja makaratasi, na karani akajikuta keshafungua mlango, jaji bado ameketi, kalamu mkononi.